Lenzi tatu za 24-70: kwa nini iliyochubuka ndiyo iliyonunuliwa

Mpiga picha wa harusi hapa Dar es Salaam, kijana aliyeanza kazi kwa kunishikia fleshi kumbini, alikuwa na shilingi milioni moja na robo na lenzi tatu za kuchagua. Zote za aina moja: Canon EF 24-70mm f/2.8L USM, toleo la kwanza, lililoingia sokoni 2002 na kupisha toleo la pili mwaka 2012. Yeye anatumia Canon 5D Mark III. Kwa kamera hiyo na kazi hiyo, lenzi hii inabeba karibu sherehe nzima. Kwenye 24mm inapanuka kiasi cha kuchukua meza kuu yote, kwenye 70mm inavuta kiasi cha kumpata mama mzazi anapofuta machozi, na tundu lake la f/2.8 linaingiza mwanga wa kutosha kwenye kumbi ambazo ikishafika saa tatu usiku zinabaki na taa za rangi tu.

Ya kwanza ilikuwa kwa bwana mmoja Mbezi Beach. Boksi lake, mfuko wake, vifuniko vyote viwili, mpira wa zumu (pete ya kuvuta na kupanua picha) bado una meno makali, rangi nyeusi haina hata alama ya kucha. Bei: 1,250,000.

Ya pili ilikuwa dukani Kariakoo. Safi kwa kuangalia haraka, haina boksi. Bei: 1,000,000.

Ya tatu ilikuwa ya mpiga picha wa magazeti aliyehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Rangi ilikuwa imebanduka kuzunguka pete ya zumu na kwenye mwili wote wa chini, mpira umelainika na kung'aa kwa vidole, maandishi ya umbali yamefifia, hudi (kile kikinga mwanga cha mbele) imekwaruzika kila upande na ina ufa mmoja. Na kwenye kioo cha mbele kulikuwa na mkwaruzo, kama milimita 8 hivi, unaoonekana ukiigeuza lenzi kwenye mwanga. Bei: 850,000.

Kijana alitaka ya kwanza, na sababu zake hazikuwa za kitoto. "Kaka, hii ya tatu nikiitoa kwenye begi mbele ya kamati ya harusi, watasema nimeokota." Akaongeza kwamba lenzi nzuri ukiiuza baadaye inarudisha hela yake, na kwamba mtu aliyetunza nje bila shaka alitunza na ndani.

Hoja ya kamati ya harusi naiheshimu. Hoja ya kuuza baadaye ni hesabu, tutaifanya. Lakini ile ya mwisho, kwamba nje huonyesha hali ya ndani, ndiyo inayowagharimu wanunuzi wengi wa lenzi za mtumba, na kisa hiki kinaonyesha kwa nini.

Lenzi huchakaa kwa njia tatu zisizofanana. Kuna uchakavu wa mkono: rangi inakwenda, mpira unalainika, maandishi yanafutika. Huo mara nyingi unabaki juu ya ngozi. Kuna uchakavu wa kishindo: lenzi imeanguka au imegongwa, na nguvu ile imesafiri hadi kwenye vioo. Na kuna uchakavu wa kukaa: lenzi imefungiwa kabatini miaka na miaka kwenye joto na unyevu, haishikwi, haipati hewa. Huu wa mwisho nje hauachi alama yoyote. Kwa hiyo alama za nje zisomwe kama ushahidi wa maisha ya lenzi, na swali la kuuliza kila alama ni moja tu: ni nini kilitokea hapa, na kilifika wapi?

Tulianza Mbezi Beach.

Kila lenzi ya Canon ya miaka hiyo ina herufi mbili na tarakimu zilizopigwa upande wa nyuma, pale inapofungwa kwenye kamera. Herufi ya kwanza ni kiwanda, U ikiwa Utsunomiya. Ya pili ni mwaka, ikihesabiwa kutoka A ya 1986. Hii ilikuwa UT, yaani 2005. Muuzaji alikuwa ameinadi kama lenzi "ya juzijuzi tu", na sidhani alikuwa anadanganya. Aliletewa zawadi, akapiga picha za familia mara chache, akairudisha kwenye boksi. Ila lenzi yenye karibu miaka 20 isiyo na alama ya kidole imekaa mahali. Na mahali hapo palikuwa kabati la nyumba iliyo karibu na bahari, katika jiji ambalo unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 70. Fangasi wa kwenye vioo hawahitaji zaidi ya hapo. Giza, joto, hewa iliyosimama na unyevu mwingi, basi.

Tukaiangalia kwa tochi. Watu wengi huangalia lenzi kwa kuielekeza dirishani na kuchungulia kama wanatazama kupitia bomba. Ukifanya hivyo hutaona kitu hata kwenye lenzi iliyooza. Ondoa vifuniko vyote viwili, washa tochi ndogo yenye mwanga mkali, ielekeze kutokea nyuma ya lenzi, kisha tazama kwa mbele ukiwa umeinamisha kidogo ili usitazamane na balbu. Mwanga unaopita mshazari ndio unaoonyesha kilicho juu ya vioo. Vumbi linaonekana kama chembe zilizotengana, na kila lenzi ya zumu inalo, kwa sababu inapopanuka na kujikunja inavuta hewa. Fangasi wanaonekana kama nyuzi zenye matawi, aghalabu zikianzia ukingoni. Na kuna kitu cha tatu ambacho wengi hawakijui: utando mweupe, kama pumzi iliyobaki kwenye kioo. Mara nyingi unatokana na mvuke wa mafuta na grisi za ndani zilizozeeka, ukitua polepole juu ya vioo.

Lenzi ya Mbezi Beach ilikuwa na nyuzi mbili fupi za fangasi kwenye ukingo wa kioo kimoja cha ndani, na utando huo mweupe kwenye kundi zima la vioo vya mbele. Mwenye mali alisema ni vumbi. Vumbi halitandazi mwanga wa tochi ukawa maziwa.

Hapa kijana alifanya jambo sahihi: hakubishana, akapiga picha. Alimsimamisha mwenzetu aliyevaa koti jeusi mbele ya dirisha lenye jua, akapiga kwa lenzi ile kwenye 50mm, kisha akafunga lenzi yake mwenyewe ya 50mm f/1.8, ile ya bei nafuu kabisa ya Canon, akapiga palepale kwa mpangilio uleule wa kamera. Kwenye lenzi yake koti lilikuwa jeusi. Kwenye lenzi ya milioni moja na robo koti lilikuwa kijivu, na nywele zilikuwa zimemezwa na mwanga uliokuwa nyuma yake. Ukali wa picha haukuwa mbaya. Kope zilihesabika. Kilichopotea ni kontrasti, yaani tofauti kati ya weusi na weupe, na kwa mpiga picha wa harusi hilo ndilo pigo lenyewe, kwa sababu kumbini taa za wapiga video ziko usoni mwako usiku kucha na nyuma ya maharusi kuna ukuta wa taa.

Niseme haki kwa lenzi ile. Nyuzi zile mbili za fangasi peke yake zisingenifanya niikatae. Fangasi wachache ukingoni hawaonekani kwenye picha, na wakisafishwa mapema mara nyingi wanatoka bila kuacha kovu. Wakiachwa, asidi wanayotoa inakula kotingi ya kioo (tabaka jembamba linalopakwa kiwandani) na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Wala si kweli kwamba lenzi moja yenye fangasi itaambukiza begi zima. Mbegu zao ziko kwenye hewa tunayovuta, kinachowaotesha ni unyevu wa mahali unapohifadhi. Kilichoiangusha lenzi hii ni ule utando. Kuusafisha kunataka kuifungua sehemu ya mbele na kurudisha vioo mahali pake kwa usahihi. Kwa laki sita au saba, ukiwa na fundi unayemwamini, ingekuwa biashara ya kufikirika. Kwa milioni na robo ulikuwa unalipia boksi.

Kariakoo hatukukaa sana. Lenzi ya pili ilikuwa na vioo safi kwa tochi, hata kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo mtu angetoa hela. Lakini filta ya milimita 77, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi, ilikataa kuingia vizuri: inashika nyuzi, inazunguka nusu, inakwama. Ukipitisha kidole kwenye pete ya mbele unasikia sehemu moja haiko mviringo kamili. Nyuma, skrubu mbili zilikuwa na vichwa vilivyochunika, alama ya bisibisi isiyo saizi yake. Kwa hiyo iligongwa mbele, na kuna mtu aliifungua.

Lenzi hii ina tabia moja inayofaa kujulikana. Inarefuka zaidi ikiwa kwenye 24mm, si kwenye 70mm kama zumu nyingi. Hudi yake, EW-83F, inafungwa kwenye mwili wa nje usiosogea, na ule mdomo wa mbele unatoka na kurudi ukiwa ndani ya hudi. Ukiitumia na hudi, kishindo kinapokewa na hudi na kwenda kwenye mwili mzima. Ukiitumia bila hudi, mdomo uliochomoza ndio unaopokea, na huo umebeba vioo moja kwa moja. Lenzi ya Kariakoo haikuwa na hudi. Muuzaji alisema mwenye nayo hakuwahi kuinunua.

Vioo vinapohama mstari, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, upande mmoja wa picha unalainika kuliko mwingine. Kipimo chake hakihitaji maabara. Tulitoka na mwenye duka hadi kwenye kibaraza, tukaelekeza kamera kwenye jengo la ghorofa lililo mbali ng'ambo ya barabara, lenye madirisha yaliyopangwa mistari. Stendi, 24mm, f/2.8, fokasi imewekwa kwa skrini ya nyuma ikiwa imekuzwa mara kumi, halafu picha. Kisha tukageuza kamera juu chini na kupiga tena. Hiyo hatua ya pili ndiyo inayoondoa ubishi. Ikiwa ulaini unatokana na kamera kutokaa sawasawa na jengo, utabaki kwenye upande uleule wa jengo hata kamera ikigeuzwa. Ikiwa unatokana na lenzi, utaifuata lenzi. Hapa uliifuata. Kushoto kwa fremu madirisha yalikuwa na vivuli viwiliviwili, kulia yalikuwa safi.

Kwenye f/8, tundu likiwa limefungwa zaidi, hali ilipoa lakini haikuisha. Mwenye duka alituambia, bila ubaya, kwamba hakuna anayepiga harusi akaangalia pembe za picha. Kweli kwa picha ya maharusi wawili. Lakini kila harusi ina picha ya ukoo mzima, watu 30 kwenye ngazi, na shangazi aliyesimama mwisho kushoto ataiangalia picha hiyo sebuleni kwake maisha yake yote. Tukashukuru, tukaondoka.

Lenzi ya tatu ndiyo iliyotuchukua mchana mzima, kwa sababu lenzi iliyochakaa lazima ijieleze alama kwa alama.

Rangi iliyobanduka ilikuwa pale ambapo vidole vya mkono wa kushoto hukaa, na ubavuni pale begi linapokwaruza lenzi inayoning'inia kiunoni. Hakukuwa na kibonyeo popote. Filta iliingia na kutoka bila kushika. Vichwa vya skrubu vilikuwa na meno yao kamili. Hudi ilikuwa imechubuliwa vibaya, na nilifurahi kuona hivyo: kila mkwaruzo ule ulikuwa mlango wa gari, reli ya uwanja au bega la mtu ambavyo, bila hudi, vingegonga mdomo wa lenzi. Ule mpira mwembamba unaozunguka pete ya nyuma kuzuia vumbi na maji ulikuwa umekauka lakini mzima. Mwenye nayo alikuwa ameitumia kazini karibu kila wiki. Lenzi yenye hitilafu haifanyiwi kazi hivyo. Ingerudishwa au ingeuzwa zamani.

Kwa tochi tukaona vumbi la kawaida, hakuna nyuzi, hakuna utando. Majani ya tundu, vile vibapa vinavyolifungua na kulifunga, tuliyakagua kwa njia wanayoijua watumiaji wa Canon: weka f/8, bonyeza na kushikilia kile kitufe kidogo kilicho kando ya lenzi kinachofunga tundu kabla ya kupiga, kisha chomoa lenzi ukiwa bado umekishikilia. Majani yanabaki yamefungwa na unaweza kuyatazama kwa utulivu. Yalikuwa makavu. Mafuta kwenye majani huyafanya yachelewe, na picha za kwanza za mfululizo hutoka na mwanga uliozidi.

Ukabaki mkwaruzo.

Mkwaruzo kwenye kioo cha mbele ndio alama inayotisha kuliko zote na inayodhuru kidogo kuliko karibu zote, na kijana hakukubali mpaka tulipokaa na kalamu. Kwa kitu kilicho mbali, upana wa mwanga unaoingia kwenda kujenga nukta moja ya picha ni urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) ukigawanywa kwa namba ya f. Kwenye 70mm na f/2.8 ni milimita 25. Duara la upana huo lina eneo la milimita za mraba 490 hivi. Mkwaruzo wa milimita 8 kwa sehemu ya kumi ya milimita una eneo la 0.8. Mwanga unaozuiwa haufiki hata asilimia 0.2, na kilichozuiwa kinafidiwa na mwanga unaopita pande zote, ndiyo maana hakuna mstari unaotokea kwenye picha.

Rudi 24mm, bado f/2.8. Duara sasa ni milimita 8.6, eneo kama 58, na mkwaruzo unakula kama asilimia 1.4 kwa zile nukta tu ambazo mwanga wake unapita hapo. Bado hauonekani. Lakini funga tundu hadi f/16. Duara ni milimita 1.5, eneo chini ya 1.8, na kipande cha mkwaruzo kinacholikata ni 0.15. Hiyo ni zaidi ya asilimia 8, na ukipiga anga tupu unaweza kuona doa hafifu. Kwa hiyo jibu la kama mkwaruzo unadhuru linategemea unapiga nini. Mpiga picha wa mandhari anayefunga f/16 kila asubuhi akielekea jua ana sababu ya kuukimbia. Anayeishi kati ya f/2.8 na f/5.6 ukumbini hana.

Tulipima hivyohivyo. Ukuta mweupe kwenye 24mm na f/16: doa hafifu ambalo usingeliona bila kuambiwa lilipo. Jua likiwa kwenye kona ya fremu: mfifio kidogo upande mmoja. Yule mwenzetu wa koti jeusi dirishani, f/2.8: koti jeusi, sawa na kwenye lenzi ya 50mm. Mkwaruzo ukianza kusumbua kwa mwanga wa mbele, kuna dawa ya zamani ya kuujaza wino mweusi kwa ncha nyembamba ili uache kutawanya mwanga, lakini hapa haukuhitaji hata hiyo.

Ungekuwa kwenye kioo cha nyuma, ningemwambia tuondoke bila kufungua kamera. Kule miale imeshakaribiana na iko jirani na sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea picha, hivyo alama ndogo inafunika sehemu kubwa ya mwanga unaokwenda kwenye nukta moja. Nimeona watu wakipunguziwa laki kwa mkwaruzo wa mbele usio na madhara, halafu hawageuzi lenzi kuangalia nyuma.

Jengo la mbali: pembe nne zililingana vizuri kwenye 24, 35 na 50. Kwenye 70mm ya kulia juu ilikuwa laini kidogo kwenye f/2.8, ikaja sawa kwenye f/4. Lenzi ya umri huu isiyo na tofauti yoyote kati ya pembe sijawahi kuishika.

Kasoro mbili za kweli zilijitokeza, na hakuna iliyokuwa kwenye tangazo, kwa sababu hakuna iliyoonekana kwa nje. Pete ya zumu ilikuwa nzito kidogo inapopita karibu na 35mm. Na fokasi ya kupitia kitundu cha kutazamia ilikuwa inatua mbele ya jicho la anayepigwa picha kwenye 70mm, ilhali kwa skrini ya nyuma ilitua sawasawa. Hii ya pili ilimtisha kijana zaidi, na kumbe ndiyo nyepesi: 5D Mark III ina sehemu ya kurekebisha fokasi kwa kila lenzi, na kwa zumu unaweka thamani mbili, moja ya upande mpana na moja ya upande wa kuvuta, kutoka hasi 20 hadi chanya 20. Tukapiga picha ya rula iliyolazwa mezani kwa mshazari, tukapandisha upande wa kuvuta hadi +6, upande mpana tukauacha sifuri. Ikatulia. Kama angekuwa na kamera isiyo na sehemu hiyo, kasoro hii ingebidi ihesabiwe kwenye bei kama gharama ya fundi.

Uzito wa zumu ndio nilioutilia maanani. Ndani ya lenzi hizi kuna vibeba vidogo vinavyoteleza kwenye mifereji, na vinachakaa kwa kazi. Vikiisha, mdomo unaanza kucheza na pembe zinaanza kutofautiana. Tuliushika mdomo kwenye 24mm na kuutikisa kidogo. Ulicheza kidogo sana. Huu ndio uchakavu wa mkono unaofika ndani, na ndio pekee uliostahili kujadiliwa bei.

Sasa hesabu. Nje ina thamani ya pesa na sikumwambia aipuuze. Anayenunua ili auze baada ya mwaka anapaswa kulipia sura, kwa sababu mnunuzi ajaye naye ataangalia sura. Anayekusanya kamera za zamani analipia sura, na ndiyo mali yenyewe. Lakini huyu atapiga na lenzi hii mpaka ife. Kwake, laki nne za tofauti kati ya Mbezi Beach na lenzi ya magazeti zilikuwa za kununua rangi na boksi pamoja na utando juu ya vioo.

Hata maduka makubwa ya mtumba yamelijua hili kwa muda mrefu. KEH ya Marekani, inayonunua na kuuza kamera tangu 1979, ina daraja inaloliita BGN: lenzi iliyochubuka, yenye alama, pengine hata kwenye kioo, lakini alama zisizotarajiwa kugusa picha. Chini yake kuna UG, ambapo vioo vina fangasi au utando unaogusa picha. Mstari kati ya madaraja hayo mawili umepigwa kwenye kioo. Lenzi ya magazeti ingekaa BGN. Ile ya Mbezi Beach, kwa sura ingepanda juu kabisa ya orodha, kwa utando wake ingeshuka mpaka UG. Kwa hiyo anayeagiza kutoka nje kwa kuangalia picha za tangazo aombe picha moja zaidi: tochi ikimulikwa kutokea nyuma. Muuzaji anayekataa kuipiga ameshajibu.

Ile hoja ya kamati ya harusi nayo tuliimaliza kwa namna rahisi. Mwenye lenzi alikubali 800,000 kwa sababu ya zumu. Kijana akanunua hudi mpya, na kwa kuwa hudi ya lenzi hii ni kubwa na inafunika mdomo wote, ukiwa mbele yake unachoona ni hudi nyeusi isiyo na doa na pete nyekundu nyuma yake. Hakuna mjumbe wa kamati anayefika kwenye rangi iliyobanduka.

Sehemu ya akiba ilikwenda kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana na mpira, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu na kipimo kidogo cha unyevu cha kuweka ndani. Analenga kati ya asilimia 40 na 50. Kikipanda juu ya 60 anavikausha vifuko au anabadilisha. Nilimsisitizia hilo kuliko jambo lolote lingine, kwa sababu lenzi hii imekaa miaka yote bila fangasi kwa kuwa ilikuwa barabarani, na sasa itakuwa inalala kati ya Jumapili na Ijumaa. Sehemu nyingine ya akiba kaiweka pembeni kwa ajili ya matengenezo ya zumu.

Faili za siku ya kununua, zile za jengo la mbali kwa kila urefu, amezihifadhi zikiwa ghafi bila kuzigusa. Kila baada ya miezi kadhaa anarudia picha zilezile, jengo lilelile, stendi ileile, kisha anaweka pembe ya kulia juu ya 70mm kando ya ile ya zamani. Siku tofauti ikionekana kwenye f/4, atajua ni vile vibeba vya zumu na atampelekea fundi picha zote mbili.